Sakafu na Dari za Bei ya Mchele

Mume wangu nilimfahamu kwanza kwa homa yake. Nilikuwa muuguzi katika hospitali ya Kindu, wodi ya wanaume, na yeye aliletwa na wafanyabiashara wenzake wa kutoka upande wa Butembo, amefungwa blanketi juani huku meno yanagongana. Ilikuwa malaria. Kwenye ubao uliotundikwa miguuni pa kitanda chake niliweka nukta asubuhi na jioni, kisha nikaziunganisha kwa kalamu nyekundu. Wagonjwa wengi hawakuijali karatasi ile. Yeye, homa ilipompa nafasi ya kufumbua macho, aliitaka aione.

"Dada, mustari yangu inasema nini leo?"

"Inasema ulale."

"Na ya jana, iliyopanda hivi kama kilima?"

"Ilisema ulificha vidonge chini ya muto."

Alicheka mpaka akakohoa. Alipopona aliniomba karatasi yake aende nayo. Nikamwambia ni mali ya hospitali. Akasema basi atakuwa anarudi kuitazama. Kweli akawa anarudi, leo na ndizi, kesho na kipande cha sabuni, mpaka wauguzi wenzangu wakaacha kuniuliza huyu bwana anaumwa nini tena. Tulioana kabla mvua hazijarudi.

Duka lake lilikuwa kwenye barabara itokayo stesheni kwenda bandarini. Kila kilichoingia Kindu au kutoka kilipita mlangoni petu. Chumvi, sukari, sabuni na samaki wakavu vilishuka kutoka kwenye treni ya kusini, na mchele na mawese vikapanda humo humo. Zamani duka lilikuwa la mgeni mmoja aliyeondoka wakati ule wageni walipoamriwa kuachia maduka yao. Lilipita mikono ya watu kadhaa kabla ya kufika kwetu, na kila mmoja alichukua alichoweza kubeba. Hakuna aliyebeba magazeti. Yalikuwa yamerundikwa chumba cha nyuma, ya Ubelgiji, ya miaka mingi, na sisi tulifungia sukari.

Ilikuwa enzi ya Zaire. Tuliitana sitwayeni, yaani raia, wanaume walivaa makoti ya abakosti na kuacha tai, Jumamosi tulifagia barabara, na kila duka lilitundika picha ya Mkuu wa nchi. Nasema hivi kwa sababu ya jambo litakalokuja. Siku zile sisi wenyewe hatukuyafikiria sana mambo hayo. Tulikuwa vijana, na duka lilinuka sabuni mpya.

Jumapili moja baada ya kanisa tulikuwa tunafunga sukari, yeye anakata karatasi na mimi napima. Akasimama na kisu mkononi.

"Bibi, njoo uone. Hii homa ya nani?"

Katika gazeti palikuwa na mchoro, mstari unaopanda na kushuka juu ya vimraba, kama karatasi zangu za wodini. Alikuwa anasoma Kifaransa vizuri kuliko mimi, kwa hiyo alinisomea. Haikuwa homa. Ilikuwa bei ya hisa za kampuni moja, kule wanakonunua na kuuza vipande vya kampuni kama sisi tunavyonunua na kuuza mchele. Mwandishi alikuwa amepiga mistari miwili ya kulala. Mmoja ulipita chini, pale ambapo bei iliposhuka ilisimama na kurudi juu, zaidi ya mara moja. Huo aliuita tegemeo. Mwingine ulipita juu, pale bei ilipopanda ikagota na kurudi chini. Huo aliuita upinzani.

"Juu ya nini inasimama palepale?" nikauliza sababu.

"Hasemi. Anasema tu angalia, inasimama."

Jibu hilo halikunitosha, wala halikumtosha yeye. Mgonjwa homa yake ikishuka, kuna kilichoishusha. Lakini alikuwa tayari ametafuta kurasa zenye vimraba kutoka daftari la hesabu, akazigandisha pamoja kwa uji wa muhogo, akazibandika ukutani nyuma ya meza ya kuuzia, chini ya picha ya Mkuu, kwa kuwa ndipo palipokuwa na nafasi.

Tukaanza na mchele. Nikitoka zamu nilipita bandarini, ambako akina mama kutoka ng'ambo ya Lualaba walishuka na mitumbwi na kupanga mabeseni yao juu ya udongo mwekundu. Niliuliza bei, nikarudi, naye akaweka nukta. Mwanzoni tulipata mkunjo usio na maana. Kila bei iliposita siku moja, yeye alichukua rula na kutangaza kwamba amepata tegemeo. Nikamwambia mgonjwa haponi kwa sababu homa imetulia asubuhi moja. Ngoja ishuke pale, ipande, irudi palepale, ndipo uamini. Tukabishana pia kuhusu rula. Yeye alitaka mstari mwembamba kama uzi. Mimi nikasema hakuna kitu cha watu kinachosimama juu ya uzi, watu wanasimama juu ya mkeka. Mwishowe aliulaza mti wa kalamu ya risasi na kupaka ukanda mpana kiasi cha kidole. Tangu hapo bei ilipoingia katika ule ukanda tulijua tumefika karibu, hata kama haikugusa katikati.

Kilichonieleza kwa nini inasimama hakikutoka gazetini. Kulikuwa na mama mmoja wa ng'ambo mwenye beseni la bluu na kicheko kilichosikika mpaka stesheni. Mchana mmoja nilimkuta anapakia mchele wake ndani ya mtumbwi, haujauzwa.

"Mama, jana uliuza. Leo unarudi nao juu ya nini?"

"Jana walinilipa. Leo wanataka nibebe muchele kwa kichwa, nivuke mayi, niwapatie bure."

"Bei imeshuka kidogo tu."

"Chini ya hapo, mimi narudi nao kwangu. Watoto watakula. Uliza hawa wote, watakuambia vile vile."

Niliwauliza. Waliniambia vile vile. Na kesho yake mchele ulikuwa haba sokoni, bei ikapanda. Nilikimbia dukani na sare yangu nyeupe, sijavua, nikamwambia mume wangu kwamba mstari wa chini ni akina mama wanaorudi na mabeseni yao.

Mstari wa juu niliupata hospitalini. Ndugu za wagonjwa walipika uani, na sisi wauguzi tulijua kila siku nani anakula nini kwa harufu iliyopanda madirishani. Mchele ulipofika bei fulani, harufu ilibadilika. Sufuria za wali zilitoweka, ikabaki bugali ya muhogo na sombe, majani yake yaliyotwangwa. Hakuna aliyetoa amri. Kila mmoja alifika pale akasema kimoyomoyo, basi, siwezi zaidi. Tena wale wenye magunia, waliokosa kuuza safari iliyopita bei ilipofika juu na wakajuta, safari hii ikifika pale walikimbilia kuuza. Wanunuzi wanaondoka, wauzaji wanakuja. Bei itapita wapi?

Tulianza kununua kidogo karibu na mstari wa chini na kuuza karibu na mstari wa juu. Hatukutajirika. Tulipata baiskeli na kitanda cha mbao ngumu. Kilichonipa furaha ni Jumapili zenyewe. Baada ya kula alivuta kiti, nami nikavuta changu, tukaitazama ile karatasi kama watu wengine wanavyotazama mpira.

Kosa lilikuwa kwamba alikuwa ameandika kando ya mistari yale maneno ya gazeti, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa. Mchana mmoja aliingia mtu wa Chama wa mtaa wetu, abakosti ya kijivu, beji kifuani, kununua betri za redio. Aliinua macho kuiangalia picha ya Mkuu kama inavyopasa, kisha macho yakateremka.

"Sitwayeni, hii njo nini?"

"Mustari," mume wangu akasema.

"Mustari naiona. Inashuka. Chini ya picha ya Mukubwa wa nchi, kitu inashuka." Akasogea, akasoma polepole kama mtoto wa darasa la kwanza. "U-pi-nza-ni." Akageuka. "Katika hii nchi kuko Chama moja. Upinzani iko wapi? Iko hapa, kwa duka ya chumvi?"

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya gunia, na sare yangu ya kazi mwilini.

"Baba, hiyo ni karatasi ya homa," nikasema.

"Homa ya nani?"

"Ya bwana yangu. Unajua mimi ni wa hospitali. Aliugua sana. Mustari ikishuka, homa inashuka, anapona."

"Na upinzani?"

"Upinzani wa mwili, baba. Mwili unapinga ugonjwa. Homa ikifika pale juu, mwili unasema basi, hupiti hapa."

Alimtazama mume wangu kuanzia kichwani mpaka miguuni. Mume wangu, Mungu amrehemu, akakohoa.

"Kweli amekonda," yule bwana akasema. Akachukua betri zake. Mlangoni akasimama. "Lakini ile neno, ondoa. Mwili iseme kitu ingine."

Alipopotea barabarani tulifunga mlango, tukaketi sakafuni na kucheka. Mume wangu alifuta yale maneno yote mawili. Akatazama chini, kisha juu kwenye mbao za paa, akaandika sakafu mahali pa tegemeo na dari mahali pa upinzani. Ndiyo maneno tuliyotumia maisha yetu yote.

Yule bwana alirudi baada ya muda. Hakununua betri. Aliegemea meza, akauliza kwa upole, "Mugonjwa iko namna gani?"

Nilimtazama. Uso wake haukuonyesha kitu.

"Homa imeshuka, baba. Iko karibu ya sakafu."

"Hiyo njo vizuri," akasema, na jioni ile alionekana anapitisha magunia ya mchele kwa mkokoteni. Akawa anakuja kumwulizia mgonjwa kila msimu. Hatukuambiana neno jingine, na hakuna aliyewahi kutusumbua tena.

Sasa nifike kwenye mwaka mbaya. Mvua zilikuwa zimeiharibu njia ya reli mbali huko kusini, na treni zikaacha kuja. Mji wa Kindu bila treni ulikuwa kama nyumba ambayo mtu ametoka na ufunguo. Chumvi ilipungua, kisha ikaanza kupimwa kwa kijiko. Na mchele, ambao ulizoea kwenda kusini, ulikaa. Mavuno yalikuwa makubwa. Akina mama walivuka na mabeseni kila siku, na nukta zetu ukutani zikateremka mpaka zikaingia katika ule ukanda wa chini.

"Bibi, iko kwa sakafu," mume wangu akasema. Alikuwa anapangusa mikono kwenye suruali kama mtu anayejiandaa kubeba kitu.

"Naona."

"Kila mara ilirudi juu toka hapa."

"Kila mara treni ilikuwapo."

Aliniangalia kidogo, akacheka, akasema treni itarudi, treni isiporudi itaenda wapi? Akanunua. Hakununua kidogo kama desturi yetu; alinunua kwa pesa zote. Magunia yalijaza chumba cha nyuma, yakajaza ukumbi wetu wa kulala wageni, yakafika dirishani. Nyumba ilinuka ghala. Nami nilikuwa na mimba yetu ya kwanza, na harufu ile ilinitia kichefuchefu asubuhi mpaka nikawa nanywea chai nje.

Bei ilikaa pale juma zima, tukapumua. Kisha ikashuka chini ya ukanda. Ikashuka tena.

Nilikwenda bandarini kumtafuta mama wa beseni la bluu. Alikuwa amekaa, hacheki.

"Mama, ulisema chini ya hapo unarudi nao."

"Nilisema. Lakini kwangu muchele umejaa hata chini ya kitanda. Chumvi hakuna. Sabuni hakuna. Mutoto ana vidonda, nimuoshe na nini? Nipatie unachonipatia, nipate chumvi."

Nilimnunulia beseni lote, nikampa na chumvi kidogo niliyokuwa nimefunga kwenye ncha ya kitenge. Alinishika mkono muda mrefu. Njiani kurudi niliwaza kwamba muda wote huo tulikuwa tumesema sakafu kana kwamba ni saruji. Ilikuwa ni huyu mama na wenzake, na sasa walikuwa wamechoka kushikilia.

"Sakafu imevunjika," nikamwambia mume wangu.

"Sakafu haivunjike. Imepinda tu."

"Waliokuwa wanaishikilia wameacha. Nimetoka kuongea nao."

"Ile bei imesimama hapa mara mingi! Wewe mwenyewe ulinifundisha!"

"Nilikufundisha tungoje ishuke na irudi. Sikukufundisha kwamba itarudi kila mara."

Hatukuwahi kupandishiana sauti hivyo. Alichukua rula, ile aliyoiacha zamani, akaurefusha mstari wa sakafu kuelekea upande wa miezi ambayo haijafika, akiukandamiza mpaka karatasi ikatoboka. Kuanzia siku ile Jumapili tulikaa kila mtu kwenye kiti chake, na nukta zilikwenda chini.

Fukusi, wale wadudu wa nafaka, wakaja. Siku za jua tulitandaza mikeka uani, tukamwaga mchele, tukapepeta, tukarudisha. Tumbo langu lilikuwa kubwa, kwa hiyo nilipepeta nimekaa. Mchele wenye fukusi wengi tuliupika sisi wenyewe, na mwingine nilipeleka uani hospitalini kwa wagonjwa wasio na ndugu. Tulikula wali asubuhi, mchana na jioni. Mume wangu alikuwa anautazama kwenye sahani kama mtu anayetazama jamaa aliyemkosea.

Ndipo aliposikia kwamba kwenye machimbo ya upande wa Pangi mchele ni ghali. Akapata nafasi juu ya lori. Asubuhi aliyoondoka alinishika bega, mara ya kwanza kwa siku nyingi.

"Nitarudi na mununuzi. Uza kwa bakuli, kwa watu wa mutaa. Magunia unaacha mpaka nirudi."

"Na bei ikirudi?"

"Ikirudi, tunangoja ifike kwa dari. Tumeteseka vya kutosha, hatutauza kwa sakafu."

Siku kadhaa baada ya hapo nilikuwa wodini nikimfunga mtu kidonda, tukasikia filimbi ya treni kutoka kusini. Mgonjwa wangu alikaa kitandani na bandeji inaning'inia. Mtu akapiga kelele uani, kisha wote. Watu walikimbia kuelekea stesheni, wengine na sufuria mikononi. Jioni ile kila nyumba ya Kindu ilipika na chumvi, na nadhani wengi walizidisha makusudi.

Pamoja na chumvi walishuka wanunuzi wa mchele. Bei ikaanza kupanda, kwa haraka. Niliweka nukta mwenyewe, nimesimama kwenye kigoda, mkono mmoja kiunoni. Mstari ulipanda moja kwa moja kuelekea ule ukanda tuliouita sakafu, ambao sasa ulikuwa juu yetu.

Na hapo nikaanza kusikia sentensi moja kila mahali. Kwenye bomba la maji, jirani mmoja alisema, "Bei ikifika pale niliponunua, natoa yote, nashukuru Mungu." Kanisani nikaisikia mlangoni. Hospitalini daktari wetu mmoja, ambaye sikujua kama ana gunia hata moja, alimwambia mwenzake maneno hayohayo. Mji mzima ulikuwa umenunua palepale, wenye karatasi na wasio na karatasi, kwa sababu kila mtu alikumbuka kwamba mchele haushuki chini ya hapo. Wote waliumia pamoja. Wote walingoja mahali pamoja ili watoke bila hasara. Wakitoka wote kwa mlango mmoja siku moja, nani atanunua?

Siku bei ilipoingia kwenye ukanda, nilitoka zamu nikakuta mikokoteni barabarani, magunia yanatoka nyumba hii na ile. Mnunuzi mmoja wa kusini alisimama mlangoni petu akipangusa jasho.

"Mama, kuko muchele hapa?"

Nilifikiria maneno ya mume wangu. Nilifikiria pia fukusi, na mtoto anayenipiga teke ubavuni, na yale magunia yaliyokuwa yanamiminika barabarani.

"Iko," nikasema. "Lakini unachukua yote, leo."

Wapagazi walifanya kazi mpaka jua likakaribia kuzama. Walipomaliza nilifagia chumba cha nyuma. Punje zilikuwa zimejaa kwenye nyufa za sakafu, na sauti ya ufagio wangu ilirudi kutoka kuta nne. Nilikuwa na pesa karibu sawa na tulizotumia, na nilikuwa naogopa kama sijawahi kuogopa.

Kesho yake bei ikapanda juu ya ukanda. Si sana, lakini ilipita. Nikaweka nukta. Siku iliyofuata ikakaa palepale. Na mchana huo mume wangu akarudi, amepakaa matope mpaka mapajani, viatu amevifunga shingoni. Lori lilikuwa limezama njiani, walilala porini, walisukuma, walirudi nusu ya njia kwa miguu. Pangi hakufika.

"Nimesikia treni imerudi," akasema kwa furaha. "Bei iko wapi?"

Alipita moja kwa moja chumba cha nyuma. Nilimsikia akisimama. Nilipomfuata alikuwa ameketi katikati ya chumba kitupu, matope yanamdondoka.

"Uliuza kwa bei gani?"

"Ile tuliyonunulia. Karibu."

"Nilikuambia ungoje."

"Uliniambia."

Akatoka dukani, akapandisha macho ukutani, akaiona nukta ya mwisho iliyo juu ya ukanda. Aliitazama, hakunitukana. Ingekuwa nafuu angenitukana. Nilimchotea maji ya kuoga, nikampasha sombe, akala bila kuinua kichwa. Siku zile mbili tatu tuliishi kama wageni waliokodi chumba kimoja. Kila nilipotoka bandarini alikuwa amesimama mlangoni, kalamu mkononi, ananingojea nimtajie bei, na mimi nilitamani njia iwe ndefu zaidi.

Kisha bei ikarudi ndani ya ukanda. Kesho yake ikatoka kwa chini. Na baada ya hapo ikateremka kama mtu aliyeteleza gengeni, kwa sababu magunia yalikuwa bado yanatoka majumbani na wanunuzi walikuwa wameshajaza mabehewa. Jirani wa bombani, aliyeona bei imepita akangoja izidi, alibaki na ya kwake mpaka msimu mwingine. Mtu wa Chama vilevile; alikuja kumwulizia mgonjwa akiwa amechelewa, nikamwambia kwa masikitiko ya kweli kwamba mgonjwa amezidiwa.

Jumapili mume wangu alivuta kiti chake. Kisha akavuta na changu, akakifuta vumbi kwa kiganja. Nilipoketi alisimama mbele ya karatasi. Pale alipokuwa ameandika sakafu, alipiga mkato mmoja juu ya neno. Pembeni yake akaandika dari. Akanipa kalamu.

"Shika wewe," akasema. "Mimi mkono yangu inapenda sana rula."

Mtoto wetu alizaliwa mwezi ule, msichana, na baba yake alimtandikia kitanda katika kile chumba cha nyuma, ambacho kilikuwa bado kinanuka mchele.

Tuliendelea na karatasi miaka mingi. Tuliona tena dari ikigeuka sakafu na sakafu ikigeuka dari, na hatukushangaa, kwa kuwa tulijua watu hawasahau mahali walipoumia wala mahali walipobahatika. Tulikosea mara nyingi pia. Yeye alipenda kununua, mimi nilipenda kungoja, na katikati yetu sisi wawili duka lilisimama.

Kilichotushinda mwishoni ni pesa yenyewe. Ilifika miaka ambayo noti zilipoteza nguvu mikononi mwetu, na bei haikupanda kwa sababu ya treni wala mavuno wala chumvi. Ilipanda tu. Tulifika ukingo wa juu wa karatasi, mume wangu akagandisha nyingine juu yake. Ikajaa. Alitumia kigoda, kisha kiti, kisha kiti juu ya meza, huku watoto wamemshikia miguu wakicheka. Picha ya Mkuu tuliihamishia ukuta wa pili ili kupata nafasi. Karatasi ilipofika kwenye mbao za paa, aliteremka polepole, kwa kuwa hakuwa kijana tena, akapangusa uji wa muhogo vidoleni.

"Tuache," akasema. "Hii si bei ya muchele tena. Muchele iko palepale. Pesa njo inaanguka."

Nilimwuliza sasa Jumapili tutafanya nini.

Akasema tutakaa. Na tulikaa, kila Jumapili baada ya kula, viti viwili mlangoni tukitazama barabara ya stesheni. Niliendelea kumtajia bei nilizozisikia bandarini, naye alifumba macho akisikiliza, na mara nyingine kidole chake kilikuwa kikitembea juu ya goti lake, kikipanda na kushuka.